SOMO LA WIKI: Kabla ya kuweka fedha kwenye betri, omba daftari la vigunduzi vya joto

Wiki hii tunaweka kando safu za bei na kurejea darasani. Betri kubwa za kuhifadhi umeme zimeingia katika orodha ya mali ambazo mfanyabiashara wa kawaida anashawishiwa kuzinunua, kuzikodi au kuzichangia mtaji. Minara ya simu, hoteli, vyumba vya baridi na viwanda vidogo vinaziweka ili kupunguza gharama za dizeli. Katika masoko makubwa ya hisa ya nje nako zipo kampuni ambazo sehemu ya mapato yao hutokana na betri hizo.

Mwekezaji anapotembezwa kwenye mradi wa aina hii huonyeshwa kontena safi lililopakwa rangi nyeupe, makadirio ya mapato na hati ya bima. Ni nadra kuonyeshwa karatasi moja ndogo yenye uzito kuliko hizo zote, nayo ni kumbukumbu ya majaribio ya vigunduzi vya joto.

Hoja ya somo letu ni hii. Kigunduzi kisichojaribiwa ni deni ambalo halikuandikwa kwenye mizania. Aidha, kigunduzi kinachojaribiwa ovyo kinaweza kuleta hasara siku ile ile ya jaribio. Msomaji asiye fundi hahitaji kujua kupanda ngazi na kukijaribu, lakini anapaswa kujua kutofautisha jaribio salama na lisilo salama, kwa sababu fedha iliyo hatarini ni yake.

Kifaa chenyewe

Kigunduzi cha joto, ambacho mafundi wengi hukiita ditekta, ni kifaa kidogo kinachofungwa kwenye dari ya chumba au ya kontena la betri. Kazi yake ni kupeleka ishara kwenye paneli ya king'ora hewa inayokizunguka inapopata joto kupita kiasi. Zipo aina tatu ambazo msomaji atakutana nazo.

Aina ya kwanza husubiri kiwango maalumu cha joto, kwa mfano nyuzi 57 au 88 za Selsiasi. Aina ya pili hupima kasi ya kupanda kwa joto, na nyingi hulia joto likipanda kwa takriban nyuzi 8 kwa dakika moja, hata kama kiwango chenyewe bado ni cha chini. Aina ya tatu ni waya mrefu unaotandazwa juu ya makabati ya betri. Ndani yake mna nyaya mbili zilizotenganishwa kwa plastiki maalumu. Joto likifika kiwango kilichowekwa plastiki huyeyuka, nyaya hugusana na paneli hupokea ishara.

Ipo tofauti nyingine yenye maana zaidi kwa mfuko wa mwekezaji. Baadhi ya vigunduzi hurudi katika hali yake ya awali joto likishuka, kwa hiyo vinaweza kujaribiwa mara nyingi. Vingine hutumika mara moja tu, kwa kuwa ndani yake mna kipande cha metali laini au plastiki inayoyeyuka. Kikishapashwa joto la kutosha, kimekwisha na lazima kinunuliwe kingine. Ule waya wa aina ya tatu, kwa jinsi tulivyoueleza, umo katika kundi hili la pili.

Kifaa kidogo, amri kubwa

Bei ya kigunduzi kimoja ni ndogo ukiilinganisha na bei ya betri, na hapo ndipo wengi hukosea. Thamani ya kigunduzi haipimwi kwa bei yake ya dukani. Hupimwa kwa amri inazotoa. Ishara moja kutoka kwake inaweza kukata umeme, kusimamisha viyoyozi, kufungua mitungi ya gesi ya kuzimia moto au kuruhusu maji yaingie kwenye mabomba.

Mfano ulio wazi ni kituo cha Moss Landing katika jimbo la California, Marekani, kinachomilikiwa na kampuni ya Vistra iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa la New York. Septemba 4, 2021 mfumo wa kugundua moshi katika jengo la megawati 300 ulipokea ishara. Uchunguzi ambao kampuni yenyewe iliutangaza mwanzoni mwa 2022 ulieleza kwamba moshi huo haukutoka kwenye betri. Ilielekea ulitoka kwenye beringi iliyoharibika ya mtambo wa kusukuma hewa. Mfumo ulikuwa umepangwa kimakosa, ukatoa amri kwa kiwango cha moshi kilicho chini ya kile kilichokusudiwa. Maji yaliingia kwenye mabomba, baadhi ya viungio vikavuja, na maji yakafika kwenye betri na kusababisha hitilafu za umeme. Takriban asilimia 7 ya moduli za betri ziliharibika na jengo hilo likakaa nje ya huduma kwa miezi mingi.

Tukio hilo lisichanganywe na moto mkubwa wa Januari 16, 2025 uliolikumba jengo hilo hilo. La 2021 halikuanza na betri kuwaka, na kilichohusika kilikuwa kigunduzi cha moshi. Lakini funzo lake linahusu kila kigunduzi, kiwe cha moshi au cha joto: hasara ilitokana na mpangilio wa amri na mabomba, sehemu ambazo zingepaswa kukaguliwa na kujaribiwa kwa makini kabla ya siku hiyo.

Hesabu ya mfanyabiashara

Tuchukulie mfano, na takwimu hizi ni za mfano tu. Mradi una makontena 8, na kila moja huingiza shilingi 300,000 kwa siku, jumla shilingi milioni 2.4. Fundi anamjaribu kigunduzi bila kufunga mfumo wa kuzima moto, gesi inamwagika, na mradi unasimama siku 10 kusubiri mitungi ijazwe upya na bima iridhike. Mapato yaliyopotea ni shilingi milioni 24, kabla ya kuhesabu bei ya gesi yenyewe. Ikiwa jaribio sahihi la mwaka mzima lingegharimu shilingi milioni 1.5, fedha iliyopotea ingelipia majaribio ya miaka 16.

Aliyekataa gharama ya jaribio sahihi hajaokoa kitu. Ameahirisha malipo tu, na riba yake haijulikani.

Makosa ya fundi mwenye haraka

Kosa la kwanza ni kutumia moto wa wazi: kiberiti cha gesi, mshumaa au karatasi inayowaka. Kiwango cha Uingereza, BS 5839-1, kinataka chanzo cha joto kisichoweza kuwasha moto na kinakataza moto wa wazi. Kwenye chumba cha betri sababu ni nzito zaidi, kwani seli ya lithiamu iliyoharibika inaweza kutoa gesi zinazowaka kabla hata mtu hajaona moshi.

Kosa la pili ni kuelekeza mashine ya kukwangulia rangi kwa hewa ya moto, au ya kukaushia nywele, kwenye kigunduzi bila idhini ya mtengenezaji. Joto lisilopimwa huweza kupinda plastiki, kuharibu kigunduzi na kukifanya kishindwe siku ya moto wa kweli. Mbaya zaidi ni kujaribu kupasha joto betri zenyewe ili "kuona kama king'ora kitalia". Hilo ni kosa lisilo na msamaha. Seli ikishapita kiwango chake huzalisha joto lake yenyewe na kuipokeza seli jirani, na hapo hakuna swichi ya kuizuia.

Kosa la tatu ni kufunga mfumo wa kuzima moto kwenye kompyuta pekee. Amri ya programu inaweza kufutwa kwa kubofya mara moja au kwa umeme kukatika na kurudi.

Kosa la nne ni kusahau kuurudisha mfumo baada ya kazi. Fundi amelipwa, ameondoka, cheti kimebandikwa ukutani, na mitungi imebaki haijaunganishwa. Mwenye mali analala akiamini amelindwa.

Utaratibu ulio salama

Jaribio zuri huanza mezani. Fundi asome maelekezo ya mtengenezaji wa kigunduzi na jedwali linaloonyesha kila ishara inaleta matokeo gani. Asiyejua kigunduzi namba 4 kinafungua nini hana ruhusa ya kukigusa. Mwenye mradi, kampuni ya bima ikiwa mkataba unataka hivyo, na kituo kinachopokea ving'ora wajulishwe saa ya kuanza na ya kumaliza. Kwa muda ambao ulinzi umefungwa, awepo mtu wa zamu asiye na kazi nyingine isipokuwa kuangalia betri na kuita zimamoto.

Pili, hali ya betri iangaliwe kabla ya mtu kuingia. Mfumo unaosimamia betri uonyeshe kwamba joto la seli ni la kawaida na hakuna hitilafu. Hewa ipimwe kwa kifaa cha kupima gesi, mlango uachwe wazi na njia ya kutoka isizibwe. Ikumbukwe kwamba betri haizimiki kama taa. Hata swichi kuu ikikatwa, umeme umo ndani ya seli, na katika mifumo mikubwa huweza kufikia volti 1,000 hadi 1,500. Ngazi isiwe ya chuma, na inapowezekana fundi atumie mti mrefu wa kujaribia akiwa amesimama mlangoni au kwenye njia ya kupita, ili lisianguke lolote juu ya makabati.

Tatu, njia ya kufungua mitungi au maji ikatwe kwa mkono, kwa kuondoa kichwa cha umeme kinachofungua vali kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, na lebo iwekwe. Mahali pake pafungwe taa ya kujaribia. Taa ikiwaka, fundi amethibitisha kwamba amri ingefika kwenye mtungi bila kumwaga hata tone. Vivyo hivyo, rilei zinazokata umeme wa betri au kusimamisha viyoyozi zifungwe kwa makubaliano na anayeendesha mradi, vinginevyo jaribio la dakika moja huwa kusimama kwa mradi.

Nne, joto lipelekwe kwa kifaa kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, chenye kikombe kinachokifunika kigunduzi ili hewa ya moto isisambae. King'ora kikilia, joto liondolewe mara moja. Muda uliotumika uandikwe, na mtu mwingine asome paneli: je, jina la mahali lililoandikwa ni sahihi? Kigunduzi kilichopo kontena la 7 kikijitangaza kuwa ni cha kontena la 3, jaribio limeshindwa hata kama king'ora kimelia vizuri. Zimamoto wangepelekwa kwenye mlango usio wao.

Tano, na hapa panahitaji utulivu kuliko haraka, ni kurudisha. Paneli irudishwe kwanza katika hali ya kawaida. Kisha fundi apime kuhakikisha hakuna umeme wowote kwenye waya unaokwenda kwenye vali. Baada ya hapo tu ndipo kichwa cha vali kiunganishwe. Anayeunganisha huku amri ya zamani bado imo kwenye waya atamwaga gesi yote kwa mkono wake mwenyewe.

Iko kanuni moja ya kukaririwa. Siku ya jaribio, ishara ikitoka kwenye kigunduzi ambacho hakuna aliyekigusa, hiyo si sehemu ya jaribio. Wote watoke na ichukuliwe kuwa ni hatari ya kweli.

Kisichopashwa joto kinajaribiwaje?

Msomaji makini atauliza: kigunduzi kinachotumika mara moja kitathibitishwaje kama hakiruhusiwi kupashwa joto? Kiwango cha Marekani, NFPA 72, kinajibu. Waya wa kugundua joto usiorudi katika hali yake haupashwi joto. Hukaguliwa kwa macho, hujaribiwa kwa njia ya umeme kwenye vituo vyake, na ukinzani wa mzunguko wake hupimwa na kuandikwa. Namba hiyo ikilinganishwa na ya mwaka uliopita, badiliko kubwa huashiria kiungio kilicholegea au waya ulioumia.

Kwa kigunduzi cha dari cha kundi hilo, kiwango hicho huruhusu kitumike hadi miaka 15 tangu kifungwe. Ikifika hapo, vyote vibadilishwe au 2 katika kila 100 vipelekwe maabara, na vilivyopelekwa vibadilishwe kwa vipya. Kwa hiyo anayenunua mradi wa mitumba aulize tarehe ya kufungwa kwa vigunduzi, kwani huenda anarithi bili iliyokaribia kuiva.

Vipo pia vigunduzi vya mchanganyiko, vyenye sehemu inayopima kasi na sehemu inayoyeyuka. Hivi hupewa joto la kiasi tu, la kuamsha sehemu ya kwanza bila kuyeyusha ya pili. Fundi asiyejua tofauti hii huua kigunduzi huku akikijaribu, na king'ora kinapolia humfanya aamini kwamba kazi imekwenda vizuri.

Mara ngapi?

Hapa mikataba huficha mengi. Chini ya BS 5839-1, kila kigunduzi hujaribiwa ndani ya miezi 12. Chini ya NFPA 72, vigunduzi vya joto vinavyorudi hujaribiwa angalau viwili kwa kila mzunguko kwa mwaka, tofauti kila mwaka, ili vyote viwe vimejaribiwa ndani ya miaka 5. Mzunguko wenye vigunduzi 10 utakuwa na majaribio 10 kwa mwaka chini ya utaratibu wa kwanza, na 2 chini ya wa pili.

Zote ni taratibu halali, lakini gharama zake si sawa, na mwuzaji asichanganye bei ya mmoja na sifa ya mwingine. Ikiwa mradi unafuata ule wa pili, daftari lazima lionyeshe ni vipi vilivyojaribiwa mwaka gani. Bila orodha hiyo, viwili vya karibu na mlango vitajaribiwa kila mwaka kwa sababu ni rahisi kufikiwa, na vya nyuma havitajaribiwa kamwe.

Jaribio halisemi kila kitu

Tusimdanganye msomaji. Kigunduzi cha joto hupima hewa ya dari, si kiini cha seli. Seli inaweza kuwa imeharibika muda mrefu kabla ya joto kufika juu. Ndiyo maana miradi mizuri huwa pia na vipimo vya joto la seli, vigunduzi vya gesi na njia ya kutoa hewa chafu.

Aprili 19, 2019, katika kituo cha McMicken mjini Surprise, Arizona, mfumo uligundua moshi na gesi ya kuzimia moto ikamwagika kama ilivyopangwa. Lakini gesi hiyo haikuweza kuzuia joto lililokuwa likihama kutoka seli hadi seli, na gesi zinazowaka zilijikusanya ndani. Takriban saa tatu baadaye mlango ulifunguliwa, mlipuko ukatokea na wazimamoto wanne wakaumia vibaya. Vifaa vilitii amri, ila amri yenyewe haikutosha. Cheti cha jaribio huthibitisha kwamba mfumo unafanya ulichopangiwa. Kwamba ulichopangiwa kinatosha ni swali la mhandisi wa usanifu, na mwekezaji aliulize peke yake.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Msomaji akate sehemu hii na kwenda nayo kwenye mkutano.

1. Vigunduzi ni vya aina gani, vingapi hurudi na vingapi hutumika mara moja? Vilifungwa mwaka gani?

2. Mkataba unafuata kiwango kipi, na orodha ya kila kigunduzi na tarehe yake ya jaribio iko wapi?

3. Siku ya jaribio njia ya kufungua gesi au maji ilikatwaje, na nani alithibitisha imerudishwa? Tunataka sahihi mbili na saa.

4. Amri ilithibitishwa hadi mwisho, au fundi alisikiliza king'ora tu?

5. Vilivyoshindwa ni vingapi, na vilibadilishwa baada ya siku ngapi? Ripoti ya miaka mingi isiyo na hata kasoro moja isomwe kwa shaka.

6. Hasara ikitokea wakati wa jaribio, nani hulipa: mwenye mradi, fundi au bima? Jibu liwe kwenye maandishi.

Mwuzaji mwenye mradi safi atayajibu maswali haya kwa kufungua kabati na kutoa daftari. Atakayekasirika, au kusema mambo hayo ni ya mafundi, amekwisha kujibu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye betri huweza kupotea kwa kishindo, na pengine na mtu ndani yake.

Wiki ijayo tutarejea kwenye bei kama kawaida. Tunawatakia biashara njema.